Kulalamikia huduma mbovu wodini si kumkosea Mungu



Wiki tatu zilizopita nilimzika mama mmoja wa parokia yetu. Alikuwa na miaka 71, na kwa muda mrefu ndiye aliyefua na kupiga pasi vitambaa vya altare bila kuombwa na mtu. Alipata kiharusi, akalazwa, akakaa hospitalini siku 19, akafariki. Katika mahubiri ya mazishi nilisema yale ambayo sisi mapadri tumezoea kuyasema: tuyapokee mapenzi ya Mungu, mama yetu amepumzika, tusiulize sana. Watu waliitikia amina, tukaenda makaburini.

Siku ya nne baada ya mazishi, binti yake alinifuata ofisini baada ya Misa ya asubuhi. Hakutaka kukaa. Aliniuliza swali moja tu: "Padri, na vidonda vya mgongoni navyo vilikuwa mapenzi ya Mungu?"

Sikuwa na jibu. Makala ya leo ni jaribio la kumjibu, na ameniruhusu nieleze yaliyotokea. Hospitali siitaji jina, kwa kuwa ninachoeleza wengi wenu mngeweza kukihamishia kwenye wodi mnayoijua.

Yule mama hakuweza kujigeuza. Upande wake wa kulia wote ulikuwa umepooza. Mgonjwa wa namna hiyo anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, kwa sababu nyama inayobanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu, ikafa, kisha kidonda kikafunguka. Hilo si jambo la madaktari bingwa, hufundishwa kwa kila mwanafunzi wa uuguzi. Mchana binti alimgeuza mwenyewe, akisaidiwa na ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha jirani. Jioni saa za kuona wagonjwa zikiisha, mlinzi aliwatoa wote nje. Asubuhi alimkuta mama amelala vilevile alivyomwacha, shuka limelowa, dripu imeisha na damu imepanda kwenye mrija. Uji aliouacha kwenye chupa, akimwomba muuguzi wa zamu amnyweshe mama walau vijiko vichache, aliukuta haujaguswa.

Alipouliza, alijibiwa bila kutazamwa: "Unaona niko peke yangu, nifanyeje?" Siku nyingine, muuguzi mwingine alimwambia kama anajua sana basi amchukue mama yake akamuuguze nyumbani. Siku ya 11 ndipo alipokiona kidonda juu ya makalio, upana wa kiganja cha mtoto. Daktari alipopita aliandika kwenye faili kisafishwe kila siku. Kilisafishwa siku ambazo familia ilikuwa imenunua glovu na bandeji.

Sasa niseme na la kwangu. Nilifika pale mara moja kumpa mama huyo Mpako wa Wagonjwa. Nilimpaka mafuta kwenye paji la uso na kwenye viganja, kama ibada inavyoelekeza. Harufu niliisikia. Nilisogea kidogo upande wa dirisha, nikaendelea na sala, nikaondoka bila kumuuliza mtu yeyote kitu chochote. Siku mbili baadaye binti alinipigia simu akisema anataka kumwandikia mganga mfawidhi. Nilimshauri asubiri kwanza, maana mama bado yuko mikononi mwao, na mtu mwenye sindano mkononi si mtu wa kumkasirisha. Nikamalizia kwa kumwambia amwachie Mungu.

Ushauri huo ndio ninaotaka kuurudia mbele yenu leo, kwa sababu nadhani si mimi peke yangu ninayeutoa. Unatolewa na mapadri, wachungaji, wajomba, wenyeviti wa jumuiya, hata wagonjwa wenyewe kwa watoto wao. Na chini yake kuna mambo mawili tumeyachanganya: saburi ya Kikristo na woga.

Lugha yetu ina desturi ya kumtwika Mungu mizigo ya watu. Ajali ya basi lililokuwa na breki mbovu inaitwa kazi ya Mungu. Mama mjamzito aliyecheleweshwa kwenye benchi anaambiwa siku zake zilikuwa zimefika. Kiharusi chenyewe, sawa, tunaweza kukipokea kama sehemu ya udhaifu wa mwili huu. Kidonda cha kulala upande mmoja ni habari nyingine. Florence Nightingale, Mwingereza ambaye kuzaliwa kwake tarehe 12 Mei 1820 ndiko kulikotoa Siku ya Wauguzi Duniani tutakayoiadhimisha siku chache zijazo, aliandika mwaka 1859 kitabu kidogo kuhusu uuguzi. Humo alieleza kwamba mgonjwa anapopata vidonda vya kitandani, kwa kawaida tusiulaumu ugonjwa, tuutazame uuguzi. Zaidi ya miaka 160 imepita tangu alipoandika hayo.

Kwa hiyo, msomaji wangu, fungua nami somo la kwanza la Dominika hii ya tano ya Pasaka. Limetoka Matendo ya Mitume, sura ya sita. Nimelihubiri mara nyingi kama habari ya kuwekwa kwa mashemasi wa kwanza, na mara zote nimeuruka mstari wa kwanza. Safari hii, baada ya swali la yule binti, nimeshindwa kuuruka.

Mstari huo unaeleza kwamba Kanisa la Yerusalemu lilikuwa limekua, waamini wameongezeka, na Wayahudi waliosema Kigiriki wakaanza kuwanung'unikia wenzao Waebrania. Sababu ilikuwa wajane wao. Kila siku chakula kiligawiwa kwa wahitaji, na wajane wale wageni, wasio na mtu wa kuwasemea, walikuwa wakirukwa. Angalieni vizuri: tuhuma ni kwamba watu wanyonge wanaotegemea huduma wanaachwa bila kuhudumiwa, tena ndani ya Kanisa, tena Mitume wote wakiwa hai na makao yao mji ule ule. Ukiyabadilisha mazingira, ni lalamiko la wodini.

Neno la Kigiriki ambalo Luka ametumia hapo kwa manung'uniko ndilo lililotumika, katika Agano la Kale la Kigiriki, kwa manung'uniko ya Waisraeli jangwani. Mwalimu wetu wa Maandiko seminarini alitusisitizia hilo, na wakati ule niliona ni mambo ya wasomi tu. Sasa naona uzito wake. Mitume walikuwa na kila kisingizio cha kusema kwamba hawa ni kama mababu zao wa jangwani, watu wasioshukuru, wanaopewa bure na bado wanasema. Hawakusema hivyo. Hawakuwauliza kama wana ushahidi. Hawakuwaambia wajane wasubiri kwanza neno la Mungu lienee. Waliwaita waamini wote, wakakiri waziwazi kwamba wao wenyewe hawawezi kuifanya kazi hiyo pamoja na kuhubiri, wakataka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima.

Kisha Luka anataja majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao wa Antiokia. Yote saba ni majina ya Kigiriki. Wataalamu wengi wa Maandiko wanaona hapo dalili kwamba ugavi uliwekwa mikononi mwa watu wa upande ule ule uliolalamika. Hebu fikirini hospitali ya kwetu ambayo mtu aliyeandika barua ya malalamiko anaitwa, halafu anaombwa aingie kwenye kamati ya kusimamia wodi.

Tena Luka hasemi nani alikuwa na kosa. Hatuambiwi kama wagavi walikuwa wabaguzi, wavivu au wamechoka. Sababu anayoitaja ni moja, ya kwamba watu walikuwa wameongezeka. Kazi ilikua, mikono ikabaki ile ile. Na baada ya Mitume kuwawekea mikono wale saba, mstari unaofuata unasema neno la Mungu lilienea na hesabu ya wanafunzi ikazidi sana. Ukuaji ule umekuja mara tu baada ya lalamiko kusikilizwa.

Sisi tuna njia mbili za kupokea lalamiko, na zote mbili haziko katika sura hiyo.

Ya kwanza ni kulizima. Mlalamikaji anaitwa mkorofi. Faili linakuwa gumu kupatikana. Ndugu wanashauriwa wasijiharibie, maana kesho watarudi na mtoto mgonjwa hapo hapo. Kwa familia nyingi hakuna hospitali ya pili ya kuchagua, na kila mtu anayefanya kazi pale analijua hilo.

Ya pili imekuja na simu za kamera. Tumeizoea sana picha hiyo. Kiongozi anafika wodini na msafara wa waandishi, mwananchi anapaza sauti, kiongozi anauliza nani alikuwa zamu, na papo hapo muuguzi anasimamishwa kazi mbele ya wagonjwa wake. Watu wanapiga makofi, video inazunguka nchi nzima kabla ya jioni. Kesho yake wodi ile ile ina muuguzi mmoja pungufu. Sisemi mzembe asiadhibiwe. Nasema adhabu ya dakika mbili mbele ya kamera haijawahi kumgeuza mgonjwa hata mmoja kitandani, na mara nyingi humwangukia aliye chini kabisa, yule ambaye hakupanga ratiba ya zamu wala hakuagiza glovu.

Labda mtu atadhani haya ni magonjwa ya nchi maskini. Basi tutoke kwetu kidogo, tuangalie kisa cha Uingereza ambacho kila anayeendesha hospitali, na za Kanisa zikiwemo, angepaswa kukijua.

Katika mji wa Stafford, mwaka 2007, mama mmoja wa miaka 86 aitwaye Bella Bailey alilazwa katika hospitali ya umma. Alifariki Novemba mwaka huo. Binti yake, Julie Bailey, aliyekuwa na mgahawa mdogo mjini hapo, alikuwa amekaa na ndugu zake kwa zamu kando ya kitanda usiku na mchana, kwa kuwa waliogopa kumwacha peke yake. Wakiwa pale waliona wagonjwa wengine wakiachwa katika uchafu wao, chakula kikiwekwa mbali na mikono yao, wazee wakiita bila kujibiwa. Baada ya msiba Julie alianza kulalamika. Watu wengine waliofiwa walijitokeza, wakawa wanakutana katika mgahawa wake, wakabandika ukutani picha za ndugu zao.

Ripoti ya wakaguzi ilitoka mwaka 2009, kisha ukafuata uchunguzi wa mwanasheria Robert Francis. Ripoti yake kubwa, iliyotoka tarehe 6 Februari 2013, ilikuwa na mapendekezo 290, na siku hiyo hiyo Waziri Mkuu David Cameron aliomba radhi bungeni. Kilichobainika kinafundisha. Uongozi wa hospitali ulikuwa umeelekeza macho kwenye kubana matumizi na kutimiza malengo ya kwenye karatasi, ukitafuta kupandishwa hadhi, na nafasi za kazi zilikuwa zimepunguzwa. Hadhi yenyewe ilipatikana, mwezi Februari 2008, miezi michache baada ya mama yule kufa. Vitabu vilionyesha mafanikio. Wanaokaa wodini walijua ukweli, na hawakusikilizwa. Muuguzi mmoja wa idara ya dharura, Helene Donnelly, alikuwa ametoa taarifa kwa wakubwa wake mara nyingi mno. Hata Francis hakutaka kumtafuta mtu mmoja wa kumtoa kafara, alieleza kwamba ni tabia ya taasisi nzima iliyokuwa imeoza. Mwaka 2014 Waingereza waliweka kanuni inayozilazimisha hospitali za umma kumweleza mgonjwa au ndugu zake ukweli pale anapodhurika na kumwomba radhi.

Na Julie je? Kuna watu wa mji wake waliomwona adui kwa kuichafua hospitali yao. Alitukanwa, kaburi la mama yake likaharibiwa, na mwaka 2013 akaondoka Stafford. Baadaye taifa lilimpa nishani. Ninapokumbuka nilivyomwambia yule binti wa parokia yangu amwachie Mungu, najiuliza kama ningekuwa padri wa Stafford ningesimama upande gani. Ninaogopa jibu.

Turudi nyumbani, maana kuna upande wa pili ambao siwezi kuufumbia macho. Katika parokia yangu wapo wauguzi, na mmoja wao nilimwonyesha wazo la makala hii kabla sijaandika. Aliniuliza kama nimewahi kumgeuza mtu mzima aliyepooza. Nikasema hapana. Akanieleza kwamba mgonjwa wa hivyo hageuzwi na mtu mmoja, mnahitajika wawili, na usiku yeye huwa peke yake. Akiwa kwa mama anayejifungua vibaya au mtoto anayehema kwa shida, waliopooza wanasubiri. "Padri, mimi nachagua nani wa kumwacha," alisema. "Kila usiku nachagua."

Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha madaktari, wauguzi na wakunga wapatao 4.45 kwa kila watu 1,000 ili nchi iweze kutoa huduma za msingi kwa watu wote. Tanzania iko chini sana ya hapo, huku wahitimu wa vyuo vya uuguzi wakikaa mitaani wakisubiri ajira. Mwaka 2001 wakuu wa nchi za Afrika waliahidi mjini Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa ajili ya afya, na kwetu ahadi hiyo haijatimia. Tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, na naiunga mkono kwa moyo wote. Ila kadi ya bima haimgeuzi mgonjwa. Watu wakiongezeka milangoni na mikono ikabaki ile ile, tutakuwa tumerudi Yerusalemu kabla ya wale saba kuchaguliwa.

Hata hivyo uhaba usitumike kufunika kila kitu. Unaeleza kwa nini mama hakugeuzwa saa nane za usiku. Hauelezi kwa nini binti aliambiwa amchukue mama yake nyumbani. Neno la upole halihitaji bajeti. Papa Benedikto wa 16, katika waraka wake Deus Caritas Est wa mwaka 2005, namba 31, anafundisha kwamba wanaowahudumia wahitaji lazima kwanza wawe na ujuzi wa kazi yao, lakini ujuzi peke yake hautoshi, moyo nao unahitaji malezi. Napenda mpangilio huo. Ujuzi umetangulia. Kuna watu wa Kanisa wanaodhani tabasamu na rozari vinaweza kuziba pengo la muuguzi asiyejua kusafisha kidonda. Haviwezi.

Mtakatifu Kamili wa Lellis, msimamizi wa wagonjwa na wauguzi, aliujua ugonjwa akiwa kitandani. Alikuwa askari na mcheza kamari, mguu wake una kidonda kisichopona, akalazwa katika hospitali ya Mtakatifu Yakobo huko Roma. Aliona jinsi watumishi wa kulipwa walivyowatelekeza wagonjwa. Lalamiko lake aliligeuza kuwa shirika, ambalo Papa Sixtus wa 5 alilikubali mwaka 1586, na watu wake bado wanavaa msalaba mwekundu kifuani. Mara nyingi tunasimulia wongofu wa watakatifu wetu na kusahau walikasirishwa na nini.

Na kwa kuwa nimelitaja Kanisa, niseme ukweli wa nyumbani. Parokia yetu ina zahanati, na ukutani pake kuna sanduku la maoni. Wiki iliyopita niliuliza ufunguo uko wapi. Hakuna aliyejua. Tulivunja kufuli kwa nyundo. Ndani mlikuwa na karatasi za pipi, lalamiko moja kuhusu vipaza sauti vya kwaya (lenye haki, lakini halikuwa la sanduku lile), na barua mbili za wagonjwa. Moja iliandikwa zaidi ya mwaka mmoja uliopita na mjukuu wa bibi aliyekalishwa kwenye benchi tangu asubuhi hadi alasiri bila kuonwa. Bibi huyo nilishamzika. Mwenyekiti wa kamati ya zahanati ni mimi. Ningependa kumlaumu mtu mwingine, ila kila nikihesabu ngazi za uongozi narudi kwenye kiti changu.

Basi, yule binti nilimpigia simu nikamwomba msamaha, nikamwambia aandike. Tuliketi naye jioni moja. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa kurasa sita za machozi na matusi mawili matatu, na nilimwelewa. Tuliipunguza ikawa ukurasa mmoja: tarehe, saa, namba ya wodi na ya kitanda, alichokiona, alichoambiwa, daktari alichoandika kwenye faili, tarehe ambazo kidonda hakikusafishwa. Hakuomba fidia. Hakuomba mtu afukuzwe. Aliuliza nani anapaswa kuwageuza wagonjwa waliopooza usiku katika wodi ile, na kama hayupo, kwa nini ndugu wanatolewa nje saa 12 jioni.

Bwana wetu ametuachia utaratibu wake katika Injili ya Mathayo sura ya 18: uanze na mhusika mwenyewe, kisha uende na shahidi mmoja au wawili, kisha ulipeleke jambo mbele ya jumuiya. Tuliufuata. Barua ilikwenda kwa mganga mfawidhi wa hospitali yenyewe kwanza. Ingekwama hapo, ipo ofisi ya mganga mkuu wa wilaya, ipo namba ya simu ya Wizara ya Afya 199 ambayo ni ya bure, na kwa makosa ya kitaaluma lipo Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, linalofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2010. Kwa hospitali za madhehebu, yapo pia majimbo na maaskofu, na mimi nawaomba wasomaji msituonee haya.

Alhamisi iliyopita tuliitwa. Nilikwenda naye kama shahidi, si kama padri, ingawa kola ilitupatia viti haraka, jambo lililonikera kidogo. Alikuwepo mganga mfawidhi, muuguzi mfawidhi, na mmoja wa wauguzi waliokuwa zamu za usiku. Kitabu cha wodi kililetwa. Sehemu ya kuandika mgonjwa amegeuzwa saa ngapi ilikuwa tupu usiku wote, kuanzia siku aliyolazwa. Muuguzi wa zamu hakukana. Alisema alikuwa akimwona, na kila mara alijiambia akimaliza huku atamfikia. Aliomba radhi. Binti alinyamaza muda mrefu, kisha akasema amesikia. Hakusema amesamehe, nami sikumsukuma.

Halafu muuguzi mfawidhi akatoa faili lake mwenyewe. Mwaka jana aliandika barua kuomba muuguzi wa pili wa usiku kwa wodi ile, akieleza hatari ya vidonda kwa wagonjwa waliopooza, kwa maneno yaliyokaribiana mno na ya barua yetu. Hajajibiwa hadi leo. Binti aliomba nakala. Akaambiwa taratibu haziruhusu, lakini yule mama alichukua kipande cha karatasi akamwandikia kumbukumbu namba na tarehe.

Kwa sasa jambo moja limebadilika: ndugu mmoja anaruhusiwa kubaki usiku kwa kila mgonjwa asiyeweza kujigeuza, na anaonyeshwa namna ya kugeuza. Ijumaa binti aliandika barua ya pili, kwa mganga mkuu wa wilaya. Humo ametaja kumbukumbu namba ya barua ya muuguzi mfawidhi na kuomba zote mbili zijibiwe pamoja. Amepigiwa muhuri wa kupokelewa. Nakala yake ameniachia ofisini, na sanduku letu la zahanati limepata kufuli jipya. Ufunguo mmoja anao yeye.